Mpaka Ndani ya Sinia

Sisimizi walijua kabla ya daktari.
Walijipanga kwenye sakafu ya choo,
mstari mwembamba kutoka ufa wa ukuta
hadi pale ninapochutama usiku mara nne, mara tano.
Nikamwambia Tima, "Mwaga dawa, wadudu wamezidi."
Sikujua kwamba wananifuata mimi,
kwamba mwili wangu umefungua duka la halwa
na wateja wamepata habari.

Hospitali, Sista Kadzo alinichoma kidole.
Kumi na saba nukta tatu.
Nikacheka: "Hiyo ni bei ya nini?"
Hakucheka. Akachukua karatasi, akachora duara,
akalikata kama mtu anayekata mkate wa sinia:
nusu mboga, robo wanga, robo samaki.
"Sahani yako, mama, iwe hivi kila siku."
Sista, kwetu Langoni hatuli kwa sahani.
Tuna sinia. Tunalizunguka watano.
Nionyeshe robo yangu inaanzia wapi
na ya Bunu inakomea wapi.

Miaka ishirini na sita nauza mahamri.
Alfajiri unga uko vidoleni, iliki puani,
na ulimi wangu ndio mizani ya mtaa:
nikisema sukari imekolea, imekolea.
Sasa anaonja Raya, mke wa Bunu,
msichana wa Faza aliyezoea chai nyepesi.
Wateja wamenuna. Mzee Famau alirudisha mawili,
akaniuliza nimefiwa na nani.

Siku ya kwanza waliniandalia sahani yangu,
kaure ya maua, ile ya wageni:
mchicha, wali wa kujaza kiganja,
na kipande cha changu.
Samaki jina lake changu,
na kweli siku hiyo kilikuwa changu peke yangu.
Nikakaa mkekani mwangu, wao mkekani mwao,
hatua mbili kati yetu.
Nikawasikia wanavyotafuna.
Maisha yangu yote sijawahi kuwasikia watu wangu wakitafuna.

Bi Rukiya wa nyumba ya pili akaja na bilauri ya sharubati.
"Mafunda mawili hayaui," akasema,
yeye ambaye marehemu mumewe alizikwa na mguu mmoja.

Wengine wakasema, rudi kwenye chakula cha zamani,
mkate wa mofa, wa mawele, haupandishi.
Mimi hicho cha zamani nakikumbuka:
mofa asubuhi, mofa jioni, mwaka ule wa njaa,
na mama akisukuma kipande chake upande wetu,
akijifanya ameshiba.
Nikautafuna mofa. Haukuwa mbaya.
Ulikuwa na ladha ya mama akijifanya ameshiba.

Ijumaa ya tatu nikaiacha kaure kabatini,
nikarudi penye ukingo wangu wa sinia.
Hakuna aliyesema neno.
Shekuwe, ambaye kwa miaka thelathini na moja
hajaniambia la mahaba mbele ya watoto,
akachambua miiba kwa kidole gumba,
akausukuma mnofu upande wangu,
kisha akauvuta wali uliokuwa mbele yangu, akala yeye.
Bunu akasukuma bamia.
Tima akasukuma kachumbari, pilipili na yote.
Raya akanega wali, akaacha kifungu kidogo,
mpaka mbele yangu pakawa na lile duara la Kadzo,
limechorwa kwa vidole vya watu, limepinda.

Nasema kweli: usiku uleule niliiba tende mbili.
Nilikula gizani, jikoni, nimesimama,
na kokwa nikazifukia jivuni.
Asubuhi mashine ikasema kumi na moja.
Sikumwambia mtu. Nimekwambia wewe.

Leo kabla ya adhana nimewasha tochi chooni.
Sisimizi mmoja.
Akasimama kidogo, akapapasa hewa,
kisha akapita zake kuelekea jikoni kwa Raya,
hana shughuli na mimi.